Ndururu Ndani ya Pindo

Kabuti lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na hata pale, bila mtu ndani yake, lilikuwa limeinama. Pindo la kushoto lilishuka, la kulia likabaki juu, kama mtu mzima anayeinama kumsikiliza mtoto. Mwenyewe aliitwa hivyo hivyo: Upande. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilikuwa limelala siku nyingi. Kwenye ghala la mbao alikolinda usiku, mtaani, kwa kinyozi, wote walisema Upande, naye akaitika.

Aliyelipinda lile kabuti ni mkewe. Na mkewe walikuwa wamemzika mwezi ule.

Habari yenyewe ilianza na neno tu. Ndururu. Ilikuwa sarafu ya shaba yenye tundu katikati, ya thamani ndogo sana. Wakati wake ukapita, zikaondolewa madukani, zikaishia kwenye mikebe ya vifungo na kwa mafundi bati, waliozigongomea chini ya misumari ili mvua isipenye. Sarafu ikafa, neno likabaki. Watu waliendelea kukosa ndururu hata baada ya ndururu zenyewe kukosekana. Mwanamke aliyechoshwa na mumewe alisema hafai hata ndururu. Mwenye duka aliyekataa kukopesha alisema hatoi hata ndururu. Bintiye Upande, aliyezaliwa zamani hizo zikiwa zimeshasahaulika, bado husema kwenye simu, "Dada, sina hata ndururu, nisubiri mwisho wa mwezi," na hajapata kuiona moja kwa macho yake.

Upande alilisema neno hilo kwa mara ya maana akiwa kijana. Alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya ulinzi, akarithishwa kabuti la mlinzi aliyemtangulia, mtu mrefu kama mlingoti. Kabuti likawa linafagia njia. Akalipeleka kwenye duka la fundi cherehani, yule ambaye mtaa mzima walimwita Fundi Tepu, kwa sababu tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akienda kulala, au ndivyo walivyosema. Fundi hakuwepo. Alikuwepo msichana anayejifunza kazi, pini zimejaa mdomoni.

"Likatwe mpaka wapi?" akauliza, akizitoa pini moja moja.

"Mpaka miguu yangu inapoishia."

"Miguu yako inaishia mapema."

Upande akacheka, akalipenda hilo neno. Lakini alipotajiwa bei akajipapasa mfuko wa kulia, akajipapasa wa kushoto, akajipapasa mpaka kifuani ambako hakukuwa na mfuko.

"Dada yangu, nisikufiche. Sina hata ndururu."

Msichana alimtazama vizuri. Kisha akavuta mkebe wa vifungo, akachakura, akatoa ndururu moja iliyofifia. Akaitumbukiza ndani ya pindo la kushoto, akashona kwa juu, akakata uzi kwa meno.

"Haya. Sasa unayo. Ukimwambia mtu tena kwamba huna, utakuwa mwongo."

Pale pale kijana akaisha. Wengine hurogwa kwa kucha na nywele. Yeye alirogwa kwa sarafu isiyonunua hata kiberiti.

Walipooana mchezo uliendelea. Kila jioni alipokuwa na habari kwamba mshahara umecheleweshwa, au umekatwa, au umeishia kwa daktari wa mtoto, alisimama mlangoni akasema, "Mama, leo sina hata ndururu." Mkewe hakulia wala hakulalamika. Alisema, "Lete kabuti." Akalifumua pindo la kushoto kidogo, akatia nyingine, akalifunga. Ndani alikuwa ameacha kama kijifuko, ndururu zikacheza humo. Miaka ikapita. Kabuti likawa zito kwa umaskini wao. Likainama, na Upande akitembea zikawa zinalia taratibu kando ya goti lake.

Hakumwambia mtu kwa nini. Walimtania, akanyamaza. Kinyozi wa pale kwenye kona alimpigia kelele kila jioni, "Upande, leo upepo unatoka wapi?" Akanyamaza. Kilikuwa kitu chao wawili, na yeye hakuwa na vitu vingi.

Sasa tuseme kweli. Upande alikuwa mtu wa wivu. Hakuwa na ule wivu wa kufoka na kuvunja vyombo. Wake ulikuwa wa kukaa kimya na kutafuna. Na aliyemtafuna siku zote alikuwa Fundi Tepu. Kwa sababu mkewe hakuacha kazi dukani baada ya ndoa. Alibaki pale, cherehani yake mkono wa kulia, ya fundi mkono wa kushoto, mpaka nywele zikawa nyeupe. Upande alilinda usiku, akalala mchana. Mkewe alifanya kazi mchana, akalala usiku. Walikutana nyumbani jioni tu, kwenye ukingo wa siku, mmoja anavua viatu, mwingine anavivaa. Usiku wa Upande ulikuwa wa mbao na panya. Mchana wa mkewe ulikuwa wa Tepu. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walishasema, na Upande alilala mchana kwa jicho moja.

"Leo mlicheka nini huko?" alikuwa akimwuliza mkewe jioni.

"Nani kasema tulicheka?"

"Nimeuliza tu."

"Tulimcheka mteja aliyeongezeka kiuno kati ya kupimwa na kuchukua suruali."

"Na Tepu akacheka?"

"Mwenye suruali ndiye hakucheka. Nenda kazini, baba."

Basi mke akafa, na Upande akadhani angalau hilo limekwisha. Mtu aliye chini ya ardhi hachekeshwi na fundi.

Siku moja alasiri mvua ilikuwa inanyesha. Ruhusa ya msiba ilikuwa haijaisha, akawa ameketi ndani anatazama ukuta. Bintiye, aliyekuja kukaa naye tangu mazishi, akachungulia dirishani.

"Baba, Fundi Tepu huyo."

"Anataka nini?"

"Kutoa pole, si ndiyo?"

"Pole alishatoa makaburini."

"Baba! Mtu amelowa."

Tepu akaingia, tepu shingoni, mfuko mkononi. Alikuwa amevaa kabuti jeusi. Akalivua, akalikung'uta, akalitundika kwenye mgongo wa kiti.

"Shemeji, pole tena."

"Nimeshapoa."

"Nimeleta vitu vya dada. Nimeona visikae kule vikadharaulika."

"Dada yako?"

"Si ndivyo nilivyokuwa nikimwita?"

"Wewe na yeye hamkunyonya ziwa moja," alisema Upande.

Binti akakohoa. Tepu akajifanya hakusikia, akatoa vitu mfukoni. Mkasi. Kastabani ya chuma, ile ya kuvaa kidoleni sindano isichome. Halafu akatoa mto wa kukalia, wa kitambaa cha kijani kilichochakaa, umebonyea katikati. Upande akautazama ule mto. Mkewe alikuwa ameukalia mchana wote wa maisha yake, na yeye ndiyo kwanza auone. Akauonea wivu mto.

Tepu akasimama kumwonyesha binti, pale penye mwanga wa dirisha, jinsi ya kuutia mkasi mafuta usishike kutu. Aliposimama akakisukuma kiti. Pindo la lile kabuti jeusi likagonga mguu wa kiti.

Kli.

Upande akainua kichwa. Mlio ule aliujua kuliko sauti yake mwenyewe. Akangoja migongo yao imgeukie. Akanyoosha mkono, akashika pindo, akafinya. Kitu cha mviringo. Akapitisha kidole katikati, akakuta pamebonyea. Tundu.

Akaliachia lile pindo.

"Fundi," akasema.

"Naam, shemeji."

"Kabuti hili nani alikushonea?"

"Hili?" Uso wa Tepu ukakunjuka. "Si yeye mwenyewe! Mwaka ule nilipovunjika mkono. Siwezi kushika sindano, siwezi kitu. Akaniambia, 'Lete kitambaa, fundi, usije ukatembea uchi.' Tulicheka siku hiyo! Na mpaka leo halijafumuka uzi hata mmoja. Ule mkono, shemeji, haukuwa wa kawaida."

Binti akaleta chai, mvuke unapanda.

"Chai ni ya moto sana," alisema Upande. "Na fundi ana haraka."

"Mimi? Sina haraka."

"Unayo."

Tepu akamtazama, akamtazama binti, akachukua kabuti lake. Alipotoka mvua ilikuwa imeongezeka.

"Baba, hiyo ndiyo nini?" binti akauliza.

Upande alikaa vile vile mpaka giza. Kwa hiyo na huyu anayo. Na huyu aliletewa mkebe wa vifungo. Na huyu aliambiwa: sasa unayo. Na alipokuwa anaambiwa, mimi nilikuwa wapi? Nimelala. Nimelala kama gogo, nimefunga pazia, nasubiri kwenda kulinda mbao za watu. Nimelinda mbao.

Kesho yake akaenda kwa kinyozi. Kichwa hakikuwa na nywele za kunyolewa, lakini aliketi kitini, akafungwa kitambaa shingoni.

"Kinyozi, nikuulize neno."

"Uliza, mzee wangu."

"Mwanamke anaweza kumpa mwanamume kitu, halafu akampa na mwingine kitu kile kile?"

Mkono wa kinyozi ukasimama hewani. "Umri huu, mzee?"

"Jibu."

"Anaweza. Mke wangu ana matusi ya aina moja, na ananigawia mimi na kaka yake sawasawa."

"Sisemi matusi."

"Unasema nini basi?"

"Ndururu."

"Ndururu!" Kinyozi akageukia waliokuwa kwenye benchi. "Jamani, nisaidieni. Mzee kapewa ndururu, na mwenzake kapewa ndururu. Sasa hapo nani kapewa kitu?"

Benchi likaangua kicheko. Mmoja akasema heri yeye angalau kuna aliyempa. Upande hakucheka. Kinyozi naye akakumbuka kwamba anayemtania ana msiba, akapunguza sauti, akafungua kitambaa na kukikung'uta nywele za mteja aliyetangulia. "Usijiwashe roho, mzee. Kikulacho ki nguoni mwako. Tazama, ni nywele tu."

"Nipe wembe uliokwisha kazi."

"Wa nini?"

"Wa hicho kinilacho."

Nyumbani akalishusha kabuti msumarini, akaliweka magotini. Akalitafuta pindo la kushoto. Uzi ulikuwa mweusi, umekunjwa mara mbili, na mafundo yake yalikuwa madogo kama mbegu za ufuta. Hakuyatazama sana. Akapitisha wembe. Uzi ukakatika kwa sauti ndogo, ukakatika tena, na ndururu zikamwagika sakafuni, nyingine zikabiringika mpaka chini ya kitanda. Akazikusanya kwa magoti na mikono, akazifunga kwenye leso.

Binti aliporudi kutoka kazini alikuta vipande vya uzi vimetapakaa. Akachukua ufagio, akafagia, akavitupa jikoni motoni. Alipomaliza, Upande akashtuka kama mtu aliyeitwa.

"Uzi uko wapi?"

"Uzi gani? Ule uchafu? Nimeshauchoma, baba."

Upande akatazama jikoni.

"Ulikuwa unautaka?"

"Hapana."

Kumbe alikuwa anautaka. Ndururu ziko kila mahali ukitafuta. Yale mafundo hayako popote. Lakini wivu ulikuwa bado umekaa kwenye kiti cha mbele, na huzuni haikupata mahali pa kuketi. Akavaa kabuti. Ruhusa ilikuwa imekwisha, akaanza safari ya ghalani.

Lilimkaa vibaya. Lilikuwa jepesi, limenyooka pande zote, na goti la kushoto lilitembea bila mwenzake. Pale kwenye kona kinyozi alikuwa anafunga duka.

"Ah! Leo mzee umenyooka! Kuna nini, nani kaku..."

Akalimeza neno, lakini lilikuwa limeshatoka nusu. Akajishughulisha na kufuli. Upande akapita.

Ghalani, mlinzi wa mchana alikuwa anamngoja wapokezane funguo. Mbwa wa ghala, aliyezoea kumkimbilia, akasimama, akatoa meno.

"Nani?" aliuliza mlinzi wa mchana.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Upande."

"Hebu sogea. Hata sikukutambua. Kwa kawaida tunakusikia kabla hatujakuona. Na mbwa huyu ndiye anayetangulia kukusikia. Nyamaza wewe! Ni mzee."

Mbwa akamnusa pindo, akamnusa tena, akaondoka mkia ukiwa chini.

Asubuhi Upande hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la Fundi Tepu, ile leso ya ndururu mkononi. Tepu alikuwa ameshaanza kazi, mguu kwenye kanyagio. Ile cherehani nyingine ilikuwa imefunikwa shuka, na kiti chake hakikuwa na mto.

"Karibu, she..."

"Usiniite shemeji." Upande akaibwaga leso juu ya meza, ikafunguka, ndururu zikatawanyika kati ya vitambaa. "Chukua. Changanya na yako. Nilidhani ninacho kitu, kumbe tulikuwa tumegawiwa."

Tepu akaziangalia. Akamwangalia Upande. Akaziangalia tena.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Humu." Akajipiga pajani, pale pindo lilipokuwa wazi.

"Zote?"

"Zote."

"Upande mmoja?"

"Unaniuliza nini wewe? Huoni?"

Tepu akasogeza kiti nyuma. Akasimama, akaenda kwenye msumari, akaleta kabuti lake jeusi, akalitandaza juu ya meza. "Shika hapa," akasema. "Nimekuambia shika. Uliligusa kwako nyuma yangu, ligusie na hapa mbele yangu."

Upande akashika pindo la kushoto. Ndururu. Tepu akaupeleka mkono wake pindo la kulia. Ndururu.

"Moja hapa, moja pale. Imelazwa, imeshonwa kupitia tundu lake isicheze. Hii ni kazi, mzee. Kitambaa kizito kikikosa kitu cha kukivuta chini, upepo unakipeperusha kama pazia. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila kabuti lililotoka duka hili linazo. La daktari linazo. La mwenye ghala lako linazo. La kinyozi wako linazo."

"Na kinyozi!" Upande akashika meza. "Mpaka kinyozi!"

"Mungu wangu, wewe mtu! Hunisikii. Ninasema pande mbili. Ukitia upande mmoja nguo inapinda. Hata anayejifunza siku ya kwanza hafanyi hivyo."

Tepu akaziokota ndururu kidogo kidogo, akazikusanya kwenye kiganja, akazipandisha na kuzishusha akisikia uzito wake.

"Unajua umenitesa miaka mingapi?" akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kila asubuhi unapita hapo mbele, umeinama kama ukuta mbovu. Na watu wote wanajua kabuti limeshonwa wapi. Wananiuliza, 'Fundi, yule naye ni mteja wako?' Nikamwambia marehemu, dada, unaniharibia jina. Lilete nilinyooshe, dakika moja tu, sitadai hata... sitadai kitu. Unajua alinijibu nini?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nimelala."

"Alisema, 'Ile siyo kazi, fundi. Usiguse.'"

Njiani mtu alipita na mkokoteni. Wakangoja kelele zipite.

"Mwanamke yule hakuwahi kukosea pindo," alisema Tepu. "La kwako tu ndilo alilolikosea, na akaendelea kulikosea makusudi, na akinitazama machoni. Mimi nilikaa naye hapa mchana wote. Nilimfundisha kushika mkasi. Nikavunjika mkono akanishonea. Na alinishonea vizuri, shemeji. Pindo langu limenyooka kabisa. Limenyooka kama la mteja mwingine yeyote."

Alipolisema hilo aliinama, akaanza kutoa vumbi kwenye cherehani ambako hakukuwa na vumbi.

Upande akamtazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alimwona Tepu ni mzee. Ile tepu ya kupimia shingoni mwake ilikuwa imefutika namba. Na aliona kitu kingine, kwa sababu mwizi hutambua nyayo za mwizi mwenzake. Aliona kwamba wivu ulikuwa na viti viwili, na chake hakikuwa kile kibaya.

Hakusema pole. Hakuwa mtu wa maneno hayo. Akavuta kile kiti kisicho na mto, akaketi, akalivua kabuti, akaliweka magotini.

"Nipe sindano."

"Lete nikushonee. Dakika moja."

"Usiguse," alisema Upande.

Tepu akasita. Kisha akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, akampa sindano na uzi mweusi. Upande akaulenga uzi kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akaulowesha, akaulenga tena, ukapita pembeni ya pili. Macho yaliyozoea kutazama giza hayakufaa kazi hiyo.

"Sitagusa kabuti," alisema Tepu. "Nitashika sindano tu. Sindano ni yangu."

Upande akafikiri. Akampa. Tepu hakutazama hata. Akautunga uzi kwa vidole, akaukunja mara mbili, akapiga fundo, akairudisha.

Upande akazitia ndururu ndani ya pindo la kushoto, akaanza kushona. Alishona kama mtu anayefunga gunia. Alijichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Tepu alikuwa anateseka kumtazama, lakini alijikaza. Akashika kazi yake, akaiacha, akaishika tena.

"Fundi."

"Naam."

"Mchana. Alikuwaje mchana?"

Aliuliza bila kuinua kichwa. Kwa mtu mwingine lilikuwa swali dogo. Kwake lilikuwa kama kugonga mlango wa nyumba ya adui kuomba maji.

Tepu akaweka kazi chini. "Alikuwa mkali kwa wateja wanaochelewa," akasema. "Aliimba wimbo mmoja tu, na hakuujua mwisho. Alasiri alisinzia, anasema hasinzii." Akaitazama ile cherehani iliyofunikwa. "Na asubuhi, wakati kama huu, cherehani yake ilikuwa inanyamaza."

"Kwa nini?"

"Mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo zamani. Cherehani zote mbili zinakwenda, halafu ya kwake inanyamaza, mguu ameuinua kwenye kanyagio. Hasemi kitu. Nasubiri kidogo, na wewe unatokea kwenye kona. Alikuwa anakusikia kabla hujafika. Anakusikia unalia kama ng'ombe mwenye kengele. Unapita, unatupungia mkono, unaondoka kwenda kulala. Ndipo anashusha mguu." Tepu akaufuta uso kwa ncha ya tepu yake. "Mimi sikuwa nasikia kitu. Nilijua unakuja kwa ule ukimya wake. Basi ukitaka kujua mchana wake, nao ulikuwa unaanza na wewe. Mimi nilipewa uliobaki."

Upande alishona mpaka mwisho wa pindo. Akapiga fundo, kubwa kama mbegu ya ndimu. Akatafuta mkasi, kisha akauacha, akaukata uzi kwa meno. Yaliyobaki mdomoni yalitosha.

Akavaa. Kabuti likashuka upande wa kushoto, likampiga kwenye goti pale pale palipozoea. Tepu akaitazama ile kazi, mishono mirefu kama hatua za mbuni, akafumba macho.

"Watasema limeshonwa kwangu," akasema.

"Waambie siyo kazi."

Akafika mlangoni, akageuka. "Jioni kuna chai nyumbani. Haitakuwa ya moto sana."

"Nitakuja, shemeji."

Safari hii Upande hakumkatalia. Akashuka ngazi, akashika njia, ndururu zikilia kando ya goti. Kli, kli. Nyuma yake aliisikia cherehani ya Tepu ikianza kwenda, halafu ikanyamaza.

Akasimama katikati ya njia. Akageuza shingo, uso umekunjwa kama zamani.

"Fanya kazi yako, fundi!" akapaza sauti. "Nani kakuambia usimame?"